Joto la Ukuta wa Jikoni

Siku ya pili baada ya kumzika mama, mchana, aliingia uani kwetu mwanamke mnene mwenye kilemba cheusi. Aliwapita wanaume waliokaa chini ya turubai, akawapita wanawake waliojilaza kwenye mikeka sebuleni, akaenda moja kwa moja jikoni bila kuuliza njia. Mawifi zangu walitazamana, maana jiko la kilio lina wenyewe, mgeni haingii hivi hivi tu. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Nilipoinua kichwa nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wa kushoto, ameuwekea kiganja, na hapo ndipo nikamjua: Ngalula, rafiki yangu wa utotoni. Zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimemtia machoni. Alikuwa amesafiri siku nne kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai, kwa ajili ya mama yangu. Tulikumbatiana, tukalia, na watu wote wakadhani namlilia marehemu. Kusema kweli nilikuwa naogopa. Kulikuwa na neno moja nililotakiwa kumwambia mtu yule, neno nililolibeba tangu nikiwa na miaka kumi na saba: kwamba ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, niliyefanya baba yake atolewe katika nyumba ya upande wa pili wa ukuta ule, na kwa kutolewa akafa.

Nyumba za kambi ya kampuni ya migodi, hapa Dilala, Kolwezi, zilijengwa mbili mbili chini ya paa moja, jikoni kwa jikoni. Kati yetu na akina Ngalula ulikuwapo ukuta mmoja wa matofali, mwembamba, uliopakwa chokaa ambayo moshi ulikuwa umeigeuza rangi ya chai. Mama yangu na Mama Ngalula walizungumza kupitia ukuta ule bila kutoka nje. Mama alikuwa akipaza sauti kidogo tu, akiuliza kama huko kuna chumvi, na jibu lilikuja likiwa na matusi ya mapenzi, kwamba wanawake wa Sandoa, kwao mama, wanazaliwa bila chumvi nyumbani. Tulisikia kila kitu. Tulimsikia Mama Ngalula akimgombeza mumewe kwa Kiluba, tulisikia mwiko ukigonga sufuria, tulisikia kikohozi cha Tata Mpoyi, baba yake Ngalula, alfajiri kabla hata jogoo hajajisumbua. Jumapili baada ya misa tulikula pamoja uani, samaki tomsoni wa kukaanga na sombe, na bukari, ndio ugali wa kwetu, mbili tofauti, maana hakuna aliyekubali kushindwa. Ya kwao ilichanganywa na unga wa muhogo, ya manjano, ikivutika. Sisi tuliiita gundi ya viatu. Wao walisema ya kwetu ni chakula cha mtoto asiye na meno. Mpaka leo nikila bukari popote duniani nasikia kicheko cha Mama Ngalula, na nakasirika kwa kuwa nimeikumbuka raha ile.

Tata Mpoyi alikuwa mtu wa maabara ya kampuni. Hakuchimba wala hakuyeyusha shaba. Kazi yake ilikuwa vumbi. Mawe ya lori zima yalisagwa, yeye akayakusanya juu ya turubai safi, akayafanya kichuguu, akakilaza, akachora msalaba katikati. Vipande viwili vinavyotazamana alivitunza, viwili akavitupa. Alichobaki nacho akakifanya kichuguu tena, akakigawa tena, mpaka lori zima likaenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Na kile kisanduku kilisema ukweli wa lori, ikiwa mkono wa mgawaji haukuwa na upendeleo. Mgodi wa chini ya ardhi ulipoporomoka na kazi ikaanza kukauka, walimrudisha nyumbani yeye na wenzake wengi. Wengine walianza kunywa munkoyo, pombe ya mahindi, asubuhi. Yeye alirudi na brashi yake na mizani ndogo, akatuita mimi na Ngalula, wote wawili tulikuwa tunasoma sayansi sekondari, akatupa darasa la uani ambalo hatukuliomba.

Kila Jumamosi tulifagia vumbi la vizingiti vya madirisha, la dirisha la barabarani na la dirisha la nyuma, tukalikausha, tukaligawa, tukalipima. Ngalula alichoka mapema, alipenda kusuka nywele kuliko mizani. Mimi nilinaswa. Tata Mpoyi hakukubali kipimo kimoja hata siku moja. Ukimletea vumbi la dirisha moja alikuuliza la dirisha lingine liko wapi, na kama halipo alikutazama kwa huruma, eti umebeba uchafu tu. Baada ya miezi kadhaa daftari langu lilionyesha kitu ambacho watu wazima walikuwa wanakizunguka bila kukisema: vumbi linapungua. Mama alikuwa amelilaani miaka yote vumbi la mgodi kwenye nguo zake, na mwaka ule nguo zilianza kubaki nyeupe, na hakuna aliyefurahi. Siku moja nilisema, kwa kujitia mwerevu, kwamba vumbi ndilo limetuzuia siku zote kuuona mgodi vizuri kutoka nyumbani. Tata Mpoyi aliweka brashi chini. "Wapi, Odette," akasema. "Munawaza vumbi inafichaka mugodi. Vumbi njo mugodi yenyewe."

Watu huniuliza ninafanya nini huko ng'ambo, na nikieleza wanatikisa kichwa kwa adabu. Ninapima vumbi bado, ila sasa la angani. Ziko galaksi za mbali kiasi kwamba mwanga wake umetembea zaidi ya miaka bilioni kumi kabla ya kutufikia, na nyingi kati ya hizo, ukizipiga picha kwa darubini ya kawaida, huoni kitu. Giza. Kwa muda mrefu wataalamu waliziruka, wakaandika kwamba pale hapana kitu. Kumbe ndani yake nyota zinazaliwa kwa fujo, lakini zimezungukwa na vumbi, na vumbi linaumeza mwanga wote. Ila vumbi likimeza mwanga linapata joto, na joto hilo linatoka, dogo sana, na sisi tunazo antena kule kwenye nyanda za juu zilizo kavu ambazo kazi yake ni kulisikia tu. Tunataka kujua galaksi za mwanzo zilijijenga vipi, na vumbi lile lilipatikana wapi mapema hivyo, maana vumbi halizaliwi bure, linaachwa na nyota zilizokwisha kufa. Wenzangu walifika kwenye kazi hii kwa vitabu. Mimi nilifika kwa ukuta wa jikoni, na sikuwahi kumwambia yeyote kati yao.

Mwaka ule nilipotimiza miaka kumi na saba maneno yalibadilika kabla ya vitendo. Redio ilianza kusema nani mwenyeji na nani mgeni. Mikutano ilifanyika uwanjani, vijana wakarudi wakiimba, na watu wa Kasai, kama akina Ngalula, ambao babu zao waliletwa huku kufanya kazi za reli na migodi, wakaanza kuitwa bilulu, wadudu. Tata Mpoyi alizaliwa Kolwezi, alibatizwa Kolwezi, mgongo wake aliumalizia Kolwezi. Haikumsaidia. Nyumba zilianza kuchomwa upande wa pili wa mji, na familia nzima nzima zikabeba magodoro kichwani kwenda gare, stesheni ya treni, zikakaa pale juu ya saruji kungoja mabehewa ambayo hayakuwa na siku wala saa. Ngalula aliacha kuja shule. Kwetu alikuwa amefika Fideli, mtoto wa mjomba kutoka Sandoa, kijana mpole, mwenye njaa ya kuheshimiwa. Vijana wa mikutano walimpa kofia nyekundu na fimbo, na ndani ya wiki mbili akawa anakula kabla ya mama yangu.

Kisha asubuhi moja ya mwezi wa sita nikakuta mlango wa akina Ngalula umefungwa kwa nje, kufuli kubwa. Mama alikuwa anafagia. "Balienda," akasema bila kuniangalia. "Acha kuuliza." Nililia siku mbili, si kwa huruma, kwa hasira. Rafiki yangu ameondoka bila kuniaga, na mwalimu wangu ameondoka bila kuniambia la kufanya na daftari. Nilijiona mimi ndiye niliyeachwa. Sikujiuliza kwa nini mama, aliyekuwa akitunza unga kama dawa, alianza kupika bukari kubwa kuliko midomo yetu, wala kwa nini aliacha kabisa kuzungumza na ukuta.

Mwezi wa sita Kolwezi kuna baridi ya kukata masikio asubuhi. Sisi tulipikia kwenye mbabula, jiko la makaa, nje ya mlango, na makaa yakiisha jioni tunalala. Basi asubuhi moja niliegemea ukuta wa kushoto wa jikoni nikisubiri maji yachemke, nikahisi mgongo umepata joto. Kitu kidogo tu. Mtu mwingine angefurahi na kuendelea kuegemea. Mimi, mwanafunzi wa Tata Mpoyi, nilikata vitambaa viwili sawa, nikavilowesha, nikakitundika kimoja kwenye ukuta ule na kingine kwenye ukuta wa pili, ulioelekea kwa jirani wa nyuma. Kabla ya kwenda shule nilivishika. Cha ukuta wa kushoto kilikuwa kimekauka, cha pili bado kinadondosha maji. Nilirudia siku ya pili, nikabadilisha vitambaa, pengine kimoja ni kizito. Nikarudia siku ya tatu. Niliandika yote, na roho yangu ilikuwa imejaa, nakumbuka vizuri, kwa mara ya kwanza tangu waondoke nilikuwa na furaha. Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilijua jibu. Sikujua. Lakini nilikuwa nimeshalishika mkia, na sikuliachia.

Nililisema wakati wa chai. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo, Fideli anachovya mkate. Nikasema ukuta uko moto asubuhi na moto wetu unazimika jioni. Mama akasema ni jua. Nikamwambia hapana mama, jua linapiga upande wa barabara. Akasema matofali yanatunza joto la jana. Nikamwambia hapana, kwani ukuta wa pili ni matofali hayo hayo na ni baridi, na nikaenda kuleta daftari. Alinitolea macho, na mimi nikayasoma macho yale kama ubishi. Nilipaza sauti. "Nimepima siku tatu," nikasema. "Moto iko upande ya Tata Mpoyi." Mama akanipiga kofi lililonitoa kwenye benchi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, na hakunipiga tena baada yake. Nikiwa chini, shavu linawaka, nilimwona Fideli ameacha kutafuna. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akachukua kofia, akatoka.

Kumbe kufuli alilifunga mama mwenyewe. Tata Mpoyi mapafu yalikuwa yamemshinda, asingeweza kulala nje gare kwenye baridi, na padri mmoja alikuwa amewaahidi nafasi ndani ya behewa lililofunikwa, wangoje tu siku chache. Mama aliwapitishia chakula kwa dirisha la nyuma alfajiri, akamficha Fideli siri hiyo kwa ajili ya fimbo yake, na mimi kwa ajili ya mdomo wangu. Moto kidogo waliuwasha kwa sababu ya kikohozi. Mchana wa siku ile ya kofi vijana walikuja, Fideli nyuma yao, wakavunja kufuli. Waliwatoa watatu wakiwa na mabunda matatu. Mama Ngalula alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Tata Mpoyi alitembea polepole, mkono ukutani, na vijana wakamcheka kikohozi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona Ngalula akigeuka kutazama dirisha letu, nikajiinamisha.

Walikaa gare siku tisa. Kila siku mama alikwenda na sufuria ya bukari imefungwa kwenye kitambaa, akarudi na sufuria tupu, na hakuniambia habari yoyote wala sikuuliza. Hakunikataza kwenda. Hilo nataka lijulikane, maana marehemu hayupo kujitetea. Kila asubuhi alisimama mlangoni na sufuria yake kichwani, akinitazama, zaidi ya muda uliohitajika, halafu akaondoka. Siku ya tisa alirudi na sufuria ikiwa imejaa. Akaiweka katikati ya jikoni, akakaa chini sakafuni, akaanza kulia kwa sauti. Nikaelewa kwamba Tata Mpoyi amekufa. Treni ilikuja baada ya siku chache ikawachukua mjane na binti. Fideli alirudi Sandoa mwaka uliofuata, akaoa, akawa mtu wa kanisa. Nilimkuta kwenye kilio cha mama, mzee wa kipara, akinisalimia kwa heshima zote. Nilimpa mkono. Ningefanya nini? Yeye alitumia nilichompa.

Nimesoma, nimesafiri, nimesifiwa. Nikiwa kule kwenye antena, mbele ya kioo cha kompyuta, na doa dogo linatokea mahali ambapo picha nyingine zote zinaonyesha giza tupu, wenzangu hupiga makofi. Mimi hugeuza uso. Kila mara najiambia: pale ndani kuna watu. Najua hapana. Ni nyota, ni gesi, zimeshakufa zamani kuliko dunia hii. Lakini mtu hachagui anachokikumbuka akiona doa la joto, na nadhani kazi hii nimeifanya vizuri kuliko wengi kwa sababu ni mahali pekee ambapo ninaweza kusema kwa sauti nilichopima bila mtu kuumia.

Basi siku ile ya kilio, wageni walipokwisha kula, nilimvuta Ngalula nje, tukakaa kwenye ngazi ya nyuma. Mawifi walituachia uwanja. Aliniuliza habari za ng'ambo, nikamuuliza za watoto wake, watano, mkubwa ni fundi wa magari. Mama Ngalula alikufa zamani, akiwa na amani yake. Nilikuwa nazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga, naye akaniacha nizunguke. Mwisho nikasema. Nilimwambia habari za vitambaa, za siku tatu, za chai, za Fideli. Nilimwambia kwamba nilimuua baba yake kwa kutaka kuonekana nina akili.

Ngalula alirekebisha kilemba. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tulikusikiaka. Ile ukuta, Ode, si unaiyuwa? Tulisikia yote, na kofi pia."

Akanieleza asubuhi ile ilivyokuwa upande wao. Walikuwa wamekaa sakafuni karibu na moto, hawapumui. Waliposikia daftari likiletwa, Mama Ngalula alimwaga maji kwenye makaa na kuanza kunilaani kwa mnong'ono, mimi na uzao wangu. Tata Mpoyi akamshika mkono. Walijua wana saa chache, na hapakuwa na pa kwenda, kufuli liko nje na mtaa mzima una macho. Aliwaambia wafunge mabunda. Halafu akatabasamu, Ngalula anasema, mzee yule aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi bila kukohoa, akatabasamu na kusema, "Amepima muzuri. Siku tatu, na ukuta ingine ya kulinganisha." Mke wake alimtazama kama kichaa.

Nilijifunika uso. Nikamwomba msamaha, kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha kwa Kifaransa, kisha bila maneno. Ngalula aliningoja nimalize. Aliponishika mkono, mkono wake ulikuwa mgumu, wa mtu aliyelima.

"Ile ya ukuta, baba alikusamehe ile siku ile, na mi nilikusamehe nyuma ya miaka," akasema. "Ulikuwa mutoto, haukuyuwa. Mi minakukasirikia juu ya gare. Siku tisa, Ode. Mama yako anakuya kila siku, na yeye baba anainua kichwa, anauliza: njo Odette amekuya? Alikuwa na neno ya kukuambia juu ya ile daftari. Haukukuya."

Nilikuwa nimejiandaa miaka thelathini kujibu shitaka moja, na hakuna aliyekuwa akinishitaki kwa lile. Kutoka kambini kwetu mpaka gare ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nimetazama mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu, na nusu saa ile ilinishinda. Nilimuuliza ni neno gani alitaka kuniambia. Akasema hajui, baba hakumwambia, alisema ni la Odette.

Sikulala. Kulipokucha nilimwomba anipeleke gare. Tulikwenda kwa miguu, wanawake wawili wazima wenye vilemba vya kilio, taxi-moto, pikipiki za abiria, zikitupigia honi tupande, nasi tukikataa. Gare ilikuwa imeota majani kati ya reli. Ngalula alipita mlango wa tiketi, akahesabu nguzo kwa kidole, akasimama karibu na ya nne, akanionyesha kipande cha saruji alipolala baba yake zile siku tisa, ambacho hakikuwa na alama yoyote. Nikavua viatu, nikakaa chini.